NASI inapanda, hisa zangu zimelala. Soko lina nguvu kweli?

MpwaWaPwani:
Wadau salaam, nina swali la kishamba kidogo msinicheke. Jioni nikifungua simu naona NASI, ile indeksi inayopima hisa zote za soko la Nairobi, iko kijani, broka naye anatuma meseji ati soko limeamka, lakini nikiangalia za kwangu, benki mbili na bima moja, nyekundu tupu. Sasa hiyo kijani inatoka wapi? Na kuna jamaa kaniambia niache indeksi niangalie upana wa soko, ndio mdudu gani huyo?

DaftariLaHisa:
Inatoka Safaricom bana. NASI inapima kampuni kwa thamani yake sokoni, na Safaricom peke yake ina hisa bilioni 40 na kitu, kwa hivyo ikipanda shilingi moja tu, shilingi bilioni 40 zimeingia kwenye hesabu. Benki ya KCB ina hisa kama bilioni 3.2, mpaka ilete kishindo hicho hicho lazima ipande shilingi 12 na ushee! Ndio maana kaunta 30, yaani hisa za kampuni 30, zinaweza kushuka na NASI bado ikacheka.

Upana ni kuhesabu vichwa tu. Kila jioni chukua orodha ya bei, hesabu zilizopanda, toa zilizoshuka, jibu ujumlishe na la jana, halafu chora hiyo laini chini ya chati ya NASI. Zikipanda pamoja, mbio ni za wengi. NASI ikipanda huku laini inateremka, jua mkokoteni unavutwa na mtu mmoja.

Mvivu_Nyali:
Mimi daftari siwezi. Naweka NASI na NSE 20, ile indeksi ya kampuni 20 za soko letu, kwenye chati moja, maana NSE 20 haijali kampuni ni kubwa kiasi gani. Zikianza kuachana nakaa macho.

BabuChati:
Sawa, ila laini isikufanye uuze kesho asubuhi. Kule New York laini ya upana ya soko lao la NYSE ilifika kileleni 1998, S&P 500, indeksi ya kampuni kubwa za Marekani, ikaendelea kupanda mpaka Machi 2000, aliyekimbia mapema alikaa karibu miaka miwili akiwatazama wenzake wakila. Hiyo inakwambia nani yuko mbioni, saa ya kuanguka haikwambii.

Halafu Nairobi tuna shida yetu, kaunta zingine zinamaliza siku nzima hakuna aliyezigusa, au mtu ananunua vihisa vichache bei inaruka, nawe kwenye daftari unaiandika sawa na benki ya Equity iliyouzwa kwa mamilioni. Hizo mimi huzitoa kabisa, nahesabu zile zinazouzika kila siku, na siangalii siku moja, naangalia wiki kadhaa.

MpwaWaPwani:
Aisee nimeelewa, shukran wazee. Nimekaa hapa nazitoa hizo zilizolala kama alivyosema Babu, na bima yangu imo 😅 Sasa nikitaka kuiuza namuuzia nani?