FLAC, ALAC au WAV: CD zenu mnazihamishia kwenye ipi?

Kinanda62
Wakuu, habari zenu. Nina rafu nzima ya CD, kama mia tatu hivi, na nataka kuzihamishia kompyuta bila sauti kupungua hata chembe. MP3 sitaki hata kuisikia. Nimebaki na miundo ya faili isiyopoteza sauti: FLAC, ALAC (ya Apple) na WAV. Kompyuta ni ya Windows, ila simu ni iPhone. Kazi hii nataka niifanye mara moja tu. Mngechagua ipi?

BiSanturi
WAV iweke kando mapema. Sauti ya CD ni biti 16, sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, chaneli mbili; zidisha unapata kama kilobiti 1,411 kwa sekunde. Diski ya dakika 80 inakula karibu megabaiti 850. Nafasi si hoja sana siku hizi. Kinachokera ni kwamba jina la msanii na picha ya jalada havitulii ndani ya WAV: programu hii inavisoma, ile inakuonyesha "Wimbo 01" albamu nzima. FLAC inabana muziki huo huo hadi nusu ya ukubwa au zaidi kidogo, na ukiufungua unarudi biti kwa biti.

FundiRedio
Bi Santuri yuko sahihi kuhusu WAV, lakini mwenzetu kataja iPhone. Programu ya Muziki ya Apple haipokei FLAC, ALAC inapokea. Na ile hofu ya kufungiwa kwenye vifaa vya kampuni moja imepitwa na wakati. Apple waliachia msimbo wa ALAC utumike na yeyote tangu 2011. Kwangu vifaa vyote ni vya Apple, natumia ALAC na sina malalamiko.

BiSanturi
Sikatai. Ila FLAC ina kitu ALAC haina: ndani ya kila faili kuna alama ya MD5, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye sauti yenyewe, na sauti ikibadilika haitalingana nayo. Baada ya miaka unaiamuru programu ikague maktaba yote, na faili iliyooza inajitaja. Halafu iPhone ina programu nyingine za muziki zinazocheza FLAC bila shida.

Mpekuzi_wa_Sauti
Mnabishania chupa, na maji hamjayaonja. FLAC kwenda ALAC unageuza wakati wowote, na kurudi, hakipotei kitu. CD ikisomwa vibaya ndiyo imetoka, kosa linaingia kwenye faili na kukaa humo milele.

Kinanda, kisomaji cha CD kikikuta mkwaruzo kinajaribu kurekebisha. Kikishindwa, kinakisia sampuli iliyokosekana kwa kuangalia jirani zake na kusonga mbele kimya kimya. Programu ya kawaida haikwambii. Kwa hiyo tafuta inayosoma kwa uangalifu, yaani inayorudia sehemu zenye mashaka, kisha inalinganisha matokeo na hifadhidata ya AccurateRip. Humo mna alama za nyimbo zilizosomwa na watu wengine kutoka CD kama yako. Zikilingana, umemaliza.

Kwa Windows kuna Exact Audio Copy, ya bure, ingawa kuiseti mara ya kwanza kunachosha. dBpoweramp inalipiwa, na kwa CD mia tatu ningelipia bila kufikiri mara mbili. Mac wana XLD, Linux wana whipper.

Kinanda62
Asante mkuu, hapo umenifungua macho. Na zile zilizokwaruzika? Halafu naona FLAC ina viwango vya kubana 0 hadi 8, nichukue kipi?

Mpekuzi_wa_Sauti
Viwango acha palepale 5. Sauti ni moja kote; 8 inachukua muda zaidi kubana na inaokoa nafasi kiduchu.

Mikwaruzo: futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo mpya unafuata mkondo wa data na kula sehemu ndefu mfululizo, na hapo urekebishaji ndipo unaposhindwa. Upande wa diski wenye maandishi nao uogope zaidi ya upande unaong'aa, maana data iko chini tu ya rangi ile. Ikigoma bado, jaribu kisomaji kingine. Diski inayokataa huku inasomeka kule, nimeyaona mara nyingi.

FundiRedio
Nyongeza kuhusu majina. CD nyingi hazibebi majina ya nyimbo kabisa. Programu inahesabu nyimbo na mahali kila mmoja unapoanzia, kisha inaulizia kwenye hifadhidata kama MusicBrainz. Ndiyo maana mara nyingine inakuletea albamu ya mtu mwingine kabisa! Soma majina kabla ya kubonyeza, kusahihisha faili elfu tatu baadaye ni adhabu.

Kinanda62
Basi nakwenda na FLAC kwenye diski mbili za nje, na nakala ya ALAC kwa ajili ya simu. Swali la mwisho: kuna CD yangu ukirudisha nyuma kabla ya wimbo wa kwanza kuna wimbo umejificha. Nao utaingia?

BiSanturi
Si kwa kila programu. Umo kwenye nafasi iliyo kabla ya wimbo wa 1, na nyingi zinairuka. Exact Audio Copy inaweza kuuchukua, ila visomaji vingine havikubali kufika huko. Anza na hiyo CD, utakijua kisomaji chako mapema.