Askari wetu wa stesheni ni picha ukutani

Wakuu, mtanisamehe kwa urefu wa uzi huu. Nimezungushwa kaunta tatu kwa usiku mmoja, na kila nikijaribu kulala namwona yule mwenye kofia akinipungia mkono.

Nianze na huyo wa kofia. Juzi, treni ya saa mbili usiku, behewa la pili kutoka nyuma. Watu wamesimama lakini si kwa kubanana. Kijana yuko mlangoni, hana mzigo, hajashika nguzo, macho yanatembea kwenye mikono ya watu. Abiria wa kila siku anamjua mtu wa aina hiyo hata kama hajawahi kumwona. Stesheni ya kwanza mlango ukafunguka, hakushuka. Ya pili, hakushuka. Ya tatu kengele ya kufunga milango ikalia, kumbe ndiyo aliyokuwa anaisubiri. Mkono ukapita mbele ya pua yangu, simu ya binti aliyekaa pembeni yangu ikang'oka kiganjani, jamaa akaruka nje, milango ikajifunga nyuma yake. Kisha akageuka. Akatutazama kupitia kioo, akapunga mkono kama mtu anayesindikiza ndugu safarini. Hakukimbia. Akaondoka anatembea, taratibu, mkono mmoja mfukoni.

Kule kutembea ndiko kulikoniuma kuliko wizi wenyewe. Mwizi anayekimbia kuna mtu anamwogopa. Huyu aliijua stesheni ile kama mtu anavyoijua sebule yake, akajua hakuna wa kumwogopa kuanzia jukwaani mpaka getini.

Binti analia, masomo yake yote yamo kwenye simu. Nikamwambia twende, mama yako angefanya hivi hivi kwa mwanangu. Tukashuka stesheni inayofuata. Kijumba cha askari kina taa, mlango una kufuli, na kwenye kioo kuna karatasi: NIPO DORIA. Mlinzi wa kampuni aliyekuwa getini akasema karatasi hiyo aliikuta alipoanza kazi. Hapo sijapahesabu kama kaunta.

Tukapanda treni ya kurudi mpaka palepale tulipoibiwa. Huko tukamkuta askari. Nayaandika mazungumzo kama yalivyokuwa.

"Tukio limetokea wapi?"

"Hapa hapa afande, treni iliyotangulia."

"Binti alikuwa jukwaani au ndani ya treni?"

"Ndani, amekaa."

"Na mtuhumiwa?"

"Mlangoni."

"Miguu yote miwili ilikuwa ndani?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa na utani. Maelezo yake ni kwamba miguu ikiwa ndani kesi ni ya askari wa treni, na wao ofisi yao iko stesheni kuu. Miguu ikiwa jukwaani kesi ni yake, lakini hawezi kuiandika kwa kuwa mlalamikaji alikuwa ndani. Na kwa vile jamaa ametokea getini, saa hizi yuko barabarani, na barabara ni ya polisi wa mji. Mtu mmoja, simu moja, sekunde nne, wenyewe watatu, na hakuna aliyeitaka.

Stesheni kuu tukaambiwa tulete namba ya behewa. Nyie mnaopanda treni miaka yote, nani kati yenu amewahi kusoma namba ya behewa? Iko nje, chini karibu na magurudumu, na treni yenyewe ilishapelekwa kulala. Kaunta ya tatu, polisi wa mji, saa tano kasoro, ndio wakaandika. Mistari mitatu. Nilichungulia kwenye kitabu, nikaona neno "imepotea". Imepotea! Kana kwamba binti aliiangusha wakati anasinzia. Nikasema afande, haikupotea, imekwapuliwa. Akasema kwa utaratibu ikiandikwa imeibiwa lazima mahali pa tukio pawe ndani ya eneo lake. Huyo wa tatu nimtendee haki lakini, alimpa binti kiti na akamwazima simu yake ampigie baba yake. Sina ugomvi na mtu mmoja mmoja. Ugomvi wangu ni na aliyechora mipaka hii akiwa ofisini, hajawahi kusimama kwenye mlango wa treni kengele ikilia.

Sasa picha. Pale kaunta ya kwanza, juu ya kichwa cha afande wa miguu miwili, kuna bango: MFAHAMU ASKARI WAKO WA STESHENI. Picha ya mtu, jina, namba ya simu. Jua limeipiga mpaka uso umekuwa wa bluu, masharubu hayaonekani tena. Nikapiga ile namba nikiwa nimesimama chini yake. Haipatikani. Nikauliza huyu yuko wapi. "Huyo? Alihamishwa. Mimi mwenyewe simfahamu."

Mimi namfahamu. Wazee wa treni ya alfajiri mnamkumbuka. Mrefu, anatembea kama goti linamsumbua, anasimama pale ngazi zinapogawanyika. Alikuwa anajua mfagizi anaingia saa ngapi, anamjua muuza magazeti, anajua watoto wa shule wanaposhuka na nani kati yao hana wa kumpokea. Treni ya mwisho alikuwa anaipanda mwenyewe, stesheni mbili kwenda, mbili kurudi, anapita behewa kwa behewa akisalimia. Hilo tu. Kuna siku alimkuta kijana amesimama mlangoni bila mzigo, akamwuliza, "Wewe unashukia wapi leo?" Kijana akashuka hapohapo. Hakupigwa, hakukamatwa, hakukuwa na gari wala king'ora. Aliulizwa anashukia wapi na mtu ambaye kesho angemkumbuka sura.

Huo ndio ulinzi wa jamii mnaoutangaza kwenye semina. Si bango.

Na msiniambie ni hisia za mama mmoja mwenye hasira. Kati ya 2011 na 2012 jijini London walichukua majukwaa 115 ya treni za chini ya ardhi, yale yenye matukio mengi zaidi, wakayagawa kwa kura. Nusu yakapelekewa askari wawili wawili, dakika 15 tu kila mara, mara 4 kwa siku. Nusu yakaachwa kama yalivyokuwa. Baada ya miezi 6, watu kuita polisi kwenye majukwaa yaliyopata doria kulipungua kwa asilimia 21 hivi ukilinganisha na yale mengine. Lakini kilichonifanya nisome mara mbili ni hiki: sehemu kubwa sana ya upungufu huo ilitokea saa ambazo askari hawapo. Mwizi hakujua watarudi lini, basi akajizuia hata wakiwa wamekwenda zao. Saa nzima kwa siku kwa jukwaa moja. Hata yule wetu mwenye goti bovu alikuwa anatoa zaidi ya hiyo.

Badala yake sisi tunapewa operesheni. Mara moja moja, saa nne asubuhi, wezi wakiwa bado wamelala, wanashushwa askari ishirini na mbwa wawili. Wanapanga mstari getini, wanamkagua mwanafunzi begi, wanamkamata mzee aliyelala kwenye benchi na mtu ambaye tiketi yake imelowa mvua, wanapigwa picha. Saa sita wameondoka. Jioni kofia iko mlangoni kama kawaida. Hivi kweli hakuna mtu kule juu anayejiuliza kwa nini wanaokamatwa ni walewale na simu zinaendelea kuondoka?

Najua mtaniambia kamera zipo. Zipo. Niliomba picha za kamera. Nikaambiwa ombi lipelekwe na ofisi yenye kesi. Ofisi yenye kesi ni ipi? Rudi kwenye miguu.

Wengine mtasema tujilinde wenyewe, tuunde vikundi. New York walijaribu. Mwaka 1979 Curtis Sliwa aliwakusanya vijana, wakiwa 13 pamoja naye, wakaanza kuzunguka kwenye treni za usiku, baadaye wakajulikana kama Guardian Angels, wale wa kofia nyekundu. Sisemi hawakumsaidia mtu. Nasema mpaka raia anajivika kofia na kupanda treni kufanya doria, maana yake mwenye mshahara wa kazi hiyo hayupo. Na kikundi cha raia kisichojua sheria kikimshika mtu asiye mwizi, nani atajibu? Mimi siupandi huo mkokoteni.

Suala la mipaka ndilo linalonichosha kabisa, kwa sababu wenzetu wamelimaliza kwa njia zinazopingana na zote zinafanya kazi. Uingereza wana polisi mmoja wa reli, jukwaani ni wake na ndani ya behewa ni wake, na abiria anayebughudhiwa anatuma ujumbe mfupi kwenda 61016 bila kuinua kichwa. New York wakafanya kinyume, polisi wa treni waliokuwa peke yao wakaunganishwa na polisi wa jiji mwaka 1995. Chagueni yoyote. Chagueni kwa kurusha sarafu hewani kama mnaona vigumu. Ila mtu akiulizwa "kesi hii ya nani" aweze kujibu bila kutazama miguu ya mwizi.

Na kile kitufe chekundu mlangoni. Nilikibonyeza usiku ule, sijawaambia. Akajibu dereva. Masikini ya Mungu, atafanya nini? Hawezi kuacha usukani (najua treni haina usukani, msianze). Akasema, "Nimekusikia, toa taarifa stesheni." Mnajua hicho kitufe kimetokea wapi? Julai 1864 huko Uingereza karani mkuu wa benki, Thomas Briggs, alishambuliwa ndani ya chumba cha treni, akaporwa saa yake na kutupwa relini, akafa. Vyumba vya enzi hizo havikuwa na ujia katikati, mkifungiwa na muuaji mmefungiwa. Watu wakaja juu, na mwaka 1868 sheria ikalazimisha treni zinazokwenda mbali bila kusimama ziwe na njia ya abiria kuwaita wahudumu. Kwa hiyo tangu 1868 abiria ana namna ya kuita. Mimi niliita, nikasikiwa, nikaambiwa nishuke nikatafute kijumba chenye kufuli.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka mtu mmoja, yuleyule, kwenye stesheni ileile, kwa muda wa kutosha mpaka anijue na mimi nimjue. Asihamishwe kila akianza kuzoea. Apande treni, si kuilinda kwa nje kama gunia la mahindi. Awe na mamlaka ya kuandika kesi iliyoanzia ndani ikaishia nje. Na namba iliyo kwenye bango iwe ya ofisi, mtu akihama namba ibaki. Japani vijumba vya polisi, vile wanavyoviita koban, vingi vimewekwa jirani na stesheni, watu wanaingia kuulizia njia na kurudisha pochi walizookota. Mtu anayekuulizia njia leo ndiye atakayekunong'oneza kesho kwamba kuna jamaa behewa la pili.

Aliyeuliza kama nilipeleka malalamiko kwa maandishi: ndiyo, jana asubuhi, nakala mbili. Moja wamepokea, ya pili wamesema niipeleke kwa askari wa treni.

NYONGEZA, leo jioni. Nimetoka kazini nimechelewa, nimepanda ile ile ya saa mbili. Stesheni ya tatu milango ikafunguka, yule kijana yuko jukwaani ameegemea nguzo, bila kofia safari hii. Afande yuko ndani ya kijumba, namwona mgongo tu kwenye kioo. Nimeipanda treni hii miaka tisa na hakuna askari hata mmoja aliyewahi kuniita kwa jina au kuniuliza habari za kazi. Kijana akanitazama, akanitambua, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo mama. Leo umekawia."