Mjadala: Dunia ina miaka mingapi, na mtoto nimjibu nini?

Baba Neema, Majengo
Ndugu zangu wa Goma, salamu. Jumapili mchungaji wetu alihesabu vizazi vya Biblia, akafikia kidogo zaidi ya miaka 6,000 tangu Adamu aumbwe. Kesho yake binti yangu wa sekondari akarudi na daftari lenye maneno kwamba dunia ina miaka bilioni 4.5. Akaliweka mezani kando ya Biblia, akaniangalia bila kusema neno. Nauliza kwa unyenyekevu: nimjibu nini?

Mwana wa Sayuni
Baba Neema, mwambie kwanza wataalamu wapatane juu ya hesabu zao. Sisi tulifundishwa "miliari 4.5", leo mnasema bilioni, na kwa Kifaransa bilioni moja ni miliari elfu, je, dunia imezeeka mara elfu tangu nilipomaliza shule? Pili, kuna volkano ya Marekani iliyolipuka mwaka 1980, ambayo jiwe lake jipya lilipopelekwa maabara lilirudi na umri wa mamia ya maelfu ya miaka, ilhali watu walioliona likizaliwa wangali hai. Sisi tuliokimbia lava ya Nyiragongo Januari 2002 tusidanganywe kuhusu umri wa mawe. Na mimi si mjukuu wa sokwe.

Mwalimu wa Katindo
Naanza na hiyo bilioni, maana imenichoma, mimi niliyefundisha hesabu maisha yangu yote. Kiswahili cha vitabuni huita bilioni kile ambacho Kifaransa hukiita miliari, yaani milioni elfu, na hakuna aliyeongeza hata sufuri moja.

Mlima unaousema ni Mount St. Helens. Jiwe lake lilipimwa kwa njia ya potasiamu inayogeuka polepole kuwa gesi iitwayo argoni, nayo nusu ya potasiamu hiyo huisha kwa miaka bilioni 1.25, kwa hiyo kuitumia kwa jiwe la miaka kumi ni sawa na kuweka kikombe cha maharagwe juu ya mizani ya malori pale mpakani. Isitoshe, ndani ya lava huwamo fuwele zilizoganda kabla ya mlipuko, nazo hupanda na argoni yake ya zamani. Umri wa dunia haukutoka huko. Mwaka 1956 mwanasayansi Clair Patterson alilinganisha aina za risasi (madini ya risasi, si ya bunduki) zilizomo katika vimondo na zile za hapa duniani, kwa kuwa uraniamu, hiyohiyo iliyochimbwa kwetu Shinkolobwe, huishia kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana. Alipata miaka bilioni 4.55, na waliopima baada yake hawajasogea mbali na hapo.

Dada wa Himbi
Mwalimu, shikamoo. Nyuma ya uzio wetu kuna mazuku, kishimo tu kati ya mawe kinachokusanya hewa ya kaboni inayoua, na asubuhi kabla upepo haujaamka tumekuta humo mbuzi, mbwa, hata kunguru, wamelala kama waliosinzia. Mama hakuturuhusu kuinama pale hata kama mpira umeingia. Nimesoma kwamba hewa ile hutoka chini ya ardhi na haina kaboni-14, ile aina ya kaboni inayopimwa ili kujua umri wa vitu vilivyokuwa hai, hivyo nyasi zinazoivuta zikipimwa leo zitaonekana kama zilikufa zamani sana. Je, hapo Mwana wa Sayuni hana haki?

Mwana wa Sayuni
Asante sana, dada! Nyasi mbichi, na maabara inasema ni marehemu. Lakini Mwalimu hatajibu, kwa sababu Wakatoliki mlishasalimu amri siku papa wenu alipotangaza kwamba tumetokana na nyani.

Mwalimu wa Katindo
Marahaba, dada, nitakujibu, lakini niruhusu nimalizane na huyu kwanza. Pius XII, mwaka 1950, aliruhusu utafiti juu ya asili ya mwili na akashikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Yohane Paulo II, mwaka 1996, alisema nadharia ya mageuzi ya viumbe ni zaidi ya dhana tu. Nyani umewaongeza wewe.

Sasa mazuku. Ni kweli kabisa, dada, na ni wapimaji wenyewe waliogundua kasoro hiyo na kutuonya tusipime kwa kaboni vitu vilivyoota karibu na matundu ya volkano. Tena kaboni-14 nusu yake huisha kwa miaka 5,730, na baada ya miaka kama 50,000 hakuna kinachobaki cha kupimwa. Mabilioni hayamo humo kabisa.

Mwashi wa Ndosho
Wazee wangu, mimi sina vitabu. Wiki hii nachimba choo, na kwetu kuchimba choo ni kuvunja jiwe kwa nyundo na patasi tangu asubuhi hadi jioni. Nimepita safu ya kwanza ya lava, nikakuta udongo wa kahawia wa unene wa kiganja, wenye alama za mizizi iliyoungua. Chini yake lava nyingine, kisha udongo tena. Lava ya 2002 iliyo jirani ina makangaga na uchafu mwembamba ambao nikiufuta kwa kidole unaisha. Kama zaidi ya miaka 20 imetoa hicho tu, kiganja kizima kilihitaji muda gani, na mara mbili?

Mwana wa Sayuni
Choo cha mita tatu hakitufikishi kwenye miliari nne, fundi.

Mwashi wa Ndosho
Sijasema kinafika. Nimesema nilichokiona.

Baba Neema, Majengo
Binti amesoma yote haya begani kwangu. Jibu langu halitaki tena. Anauliza shimo hilo liko wapi na kama litakuwa wazi hadi Jumamosi.

Mwashi wa Ndosho
Litakuwa wazi, zege naweka Jumatatu. Aje na viatu vya kufunika miguu, maana mawe haya hukata. Na wewe, Mwana wa Sayuni, ukija, njoo na nyundo yako.