Binti kidato cha pili: nadharia 78, vitendo 34. Mwalimu anasema kompyuta si ya wasichana

MamaCherehani
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri, matusi bakini nayo.

Mimi ni fundi nguo hapa Moshi, Majengo. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Matokeo ya muhula yametoka: kompyuta nadharia 78, vitendo 34. Kijana wa jirani anayesoma naye kapata kinyume chake, nadharia 41, vitendo 80. Nimeitwa shuleni, mwalimu wa somo ananiambia nisimlazimishe mtoto, eti wasichana ni wazuri wa kukariri lakini mashine ni za wavulana, bora aliache somo aweke nguvu kwingine. Mtoto mwenyewe hataki kusikia habari ya kuacha. Nyumbani kompyuta hatuna. Simu ni yangu, anaishika usiku akishamaliza vyombo.

Je, ni kweli wasichana hawawezi, au nipambane? Na kama ni kupambana, naanzia wapi? Nawasilisha.

Mangi_wa_Kibosho
Dada yangu, ukweli unauma. Pita kwenye vibanda vya magemu hapo mjini saa kumi jioni uhesabu wasichana. Mtoto wa kiume anazaliwa na udadisi wa vyuma. Mwache binti asome biashara.

ChakiNaKipanya
Mangi, umejijibu mwenyewe. Vijana wa vibandani wanashinda wameshika mashine toka darasa la tano, halafu tunaita kipaji.

Mama, pole. Nafundisha kompyuta huku Arusha, upande wa Ngaramtoni. Kabla sijasema lolote, muulize binti: maabara wanakaa wangapi kwenye mashine moja, na kipanya anashika nani?

MamaCherehani
Nimemuuliza binti sasa hivi, mwalimu. Wako wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Kipanya anashika mvulana mmoja siku zote. Binti anaandika hatua kwenye daftari, wenzake wamemwambia ana mwandiko mzuri. Siku ya mtihani kila mtu alipewa mashine yake. Anasema barua aliichapa yote, ila ilitakiwa ihifadhiwe kwenye folda yenye namba yake ya mtihani. Akaihifadhi, akafungua folda, haipo. Akaanza kuchapa upya, kengele ikalia.

ChakiNaKipanya
Nilijua tu. Faili lake halikupotea, huenda lilikwenda kwenye folda ya nyaraka, ambako mara nyingi kompyuta hupeleka barua usipoielekeza. Mtu aliyewahi kukosea hivyo mara mbili tatu kwa mkono wake analipata ndani ya nusu dakika. Yeye hajawahi kupewa nafasi ya kukosea. Wewe ni fundi, unajua: mwanafunzi anayeshika futi tu mwaka mzima hawezi kushona kola siku ya kupimwa.

Hiyo 78 inaonyesha kichwa kipo. Hiyo 34 inapima saa alizokaa mbele ya mashine.

Na hili la kwamba hawawezi, wenzetu wamelipima. Marekani waliwapa wanafunzi wa darasa la nane, ambao kwa umri ni sawa na kidato cha kwanza na cha pili huku kwetu, mtihani wa teknolojia na uhandisi, na waliufanyia kwenye kompyuta. Mwaka 2014 wastani wa wasichana ulikuwa 151, wavulana 149. Mwaka 2018 wasichana 155, wavulana 150.

Takwimu_Tupu
Niongezee, maana mwalimu kaleta upande mmoja. Kuna upimaji wa kimataifa unaitwa ICILS, nao ni wa darasa la nane. Mwaka 2013 na 2018 wasichana waliongoza kwa wastani kwenye kutafuta taarifa, kuzichuja na kuzitumia kuandaa kazi kwa kompyuta. Lakini 2018 kulikuwa na sehemu ya pili, ya kufikiri kwa mtindo wa kuandika programu, na hapo wavulana walikuwa mbele kidogo. Kidogo sana. Kwa hiyo inategemea umepima nini.

Kilichonivutia mimi ni kwamba wavulana walijiamini zaidi kwenye kazi za kitaalamu, mfano kutengeneza tovuti. Mwalimu anayepima kwa macho anaona anayenyoosha mkono kwanza, basi. Tanzania haikushiriki, msije mkaninukuu vibaya.

Mangi_wa_Kibosho
Takwimu za Wazungu hizo.

DadaWaTengeru
Mangi tulia. Mama, nimesoma ufundi chuoni hapa Arusha, darasa zima wasichana tulihesabika kwa vidole. Kilichoniokoa ni steshenari ya mjomba. Asubuhi hakuna wateja, nikawa nachapa barua za watu. Tafuta steshenari ya jirani, omba binti akae Jumamosi asubuhi, hata bure kwa kusaidia kazi. Aunde folda, ahifadhi, abadilishe jina, ahamishie kwenye flashi, afute, arudishe. Arudie mpaka achoke. Akishazoea aombe wamwekee Scratch, programu ya kujifunzia kuandika programu, ni ya bure, ukishaiweka haihitaji intaneti, na ina Kiswahili.

Halafu hivyo vyombo. Kaka hana?

MamaCherehani
Yupo, wa darasa la saba. Ataosha kuanzia leo, keshanuna tayari 😂

Steshenari nitaulizia kesho. Ila shuleni naogopa. Nikienda kubishana, mtoto ndiye atakayeumia.

ChakiNaKipanya
Usibishane, na usiende na hizi takwimu. Tafuta wazazi wengine wawili watatu wenye mabinti darasa hilo, mwende kwa mwalimu wa taaluma na ombi moja: kipanya kizunguke, kila mwanafunzi dakika kumi, na zamu ibandikwe ukutani. Mimi nafanya hivyo. Wiki za mwanzo wavulana walilalamika sana, na baadhi ya wasichana pia, walishazoea daftari. Mkipata na maabara kufunguliwa baada ya vipindi itakuwa vizuri zaidi, lakini anzeni na zamu, haina gharama. Upimaji wa kidato cha pili ni mwisho wa mwaka, muda upo.

Mangi_wa_Kibosho
Mimi bado sijashawishika. Ila mwalimu wa somo mwambieni kabla hamjaenda kwa wa taaluma, akisikia kwa watu mtaharibu kila kitu.

MamaCherehani
Hilo nalichukua Mangi. Jumatatu tunaanza kwake.