Wali wa jana ulipashwa moto vizuri, lakini wateja walitapika: kosa lilikuwa wapi?

Mama lishe, Kirumba
Habari zenu, ndugu zangu. Nina kibanda cha chakula karibu na soko la samaki la Mwaloni, ambako nauza wali, ugali na sato kwa wavuvi na wachuuzi. Juma lililopita ulibaki wali karibu sufuria nzima. Niliufunika, nikauacha jikoni hadi alfajiri, nikaupasha hadi ukafuka mvuke, kisha nikaanza kuuza saa moja asubuhi. Kabla ya saa nne wateja watatu walikuwa wakitapika, na mmoja wao hakuwa amegusa samaki kabisa. Wali haukuwa na harufu wala utelezi. Nimewarudishia fedha zao na kuwaomba radhi, lakini moyo haujatulia. Ikiwa moto unaua vijidudu, wamedhuriwa na nini?

Afisa afya, Mwanza
Pole sana, mama, na umefanya vema kuwafuata wateja wako. Bila sampuli kupimwa siwezi kukata shauri, lakini kutapika ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula wali uliolala kunanielekeza kwa bakteria aitwaye Bacillus cereus. Huyu hutoka shambani pamoja na mchele, akiwa amejifungia katika spora, mfano wa mbegu ngumu ambayo kuchemsha kwa kawaida hakuiui. Sufuria iliyojaa na kufunikwa hupoa polepole mno, na kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi spora hizo huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu. Moto wako wa asubuhi huenda uliwaua bakteria wenyewe, ila sumu waliyokwisha kuitoa haiharibiwi na moto wa jikoni, wala haina harufu ya kukuonya. Wali ukibaki, utandaze mwembamba kwenye sinia safi ili upoe haraka, na uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita. Kama friji hakuna, pika kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku, hata kama mkaa utazidi. Wali wa kulala usiuzwe.

Mpishi wa mgahawa, Igoma
Naunga mkono, ila mama aangalie pia mikono ya anayepakua. Kidonda chenye usaha hubeba bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, ambaye sumu yake nayo hustahimili moto na huleta kutapika kwa muda unaokaribiana na huo. Kijana wetu alijikata kidole akiparua sato, akakifunga kitambaa na kuendelea kupakua. Nilimhamishia kwenye kupokea fedha hadi kidole kilipopona, naye alinuna siku mbili.

Muuza chakula, Nyamagana
Na hotipoti isitumiwe kulaza chakula. Hutunza joto lililopo tu, kwa hiyo wali ukishashuka chini ya nyuzi 60, mle ndani ndimo utakamobaki na uvuguvugu kwa muda mrefu.

Mama lishe, Kirumba
Nawashukuru sana. Msaidizi wangu hana kidonda, nimemkagua. Jana niliacha kwa makusudi sufuria ya wali uliopikwa saa moja jioni. Saa tano usiku nikachota kutoka katikati, na bado ulikuwa vuguvugu kiganjani. Ule nimeumwaga, na leo nimenunua masinia mawili.