Seti ya chai yenye joka: je, ni Satsuma ya kale?

Mpenda Kauri
Ndugu zangu, nimenunua seti ya chai ya Kijapani: buli, bakuli la sukari, vikombe vitano na visahani sita. Rangi yake ni kijivu cha moshi, na joka lililopambwa juu yake limeinuka hata ukipitisha kidole unahisi magamba. Ukielekeza kikombe kwenye mwanga, sura ya mwanamke hujitokeza kitakoni. Muuzaji aliniapia kwamba hii ni Satsuma, aina maarufu ya vyombo vya Kijapani, yenye umri wa miaka 150, na bei ikafuata umri huo. Chini pana muhuri mwekundu wa “Made in Japan”. Je, amesema kweli?

Mzee wa Makabati
Muhuri wenyewe unamkana. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai kwamba bidhaa zinazoingia nchini humo zionyeshe zilikotoka, nao Wajapani wakaandika “Nippon”, yaani Japani kwa Kijapani, mpaka mwaka 1921, forodha ya Marekani ilipotaka jina la Kiingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hadi mwaka 1952, vyombo vingi viliandikwa “Occupied Japan”. Kwa hiyo mimi ningeiweka seti yako baada ya 1921. Hata hivyo muhuri peke yake usikutoshe siku nyingine, kwa maana ule wa “Nippon” umeghushiwa sana kwenye vyombo vipya.

Bint Mfinyanzi
Naafiki, ila hata muhuri ungekuwa umefutika, mwanga ungetosha. Satsuma tunayoijua sokoni ni chombo cha udongo wala si kauri: mwili wake ni wa rangi ya malai, haupitishi mwanga, na uso wake una nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Chako kinapitisha mwanga, na sura ile huonekana kwa sababu kitako kilikandamizwa kwa kalibu, kikawa chembamba penye weupe na kinene penye kivuli. Joka ni kazi iitwayo moriage, yaani uji wa udongo unaominywa juu ya chombo kama mpambaji wa keki anavyominya sukari. Yachunguze kwa lenzi majoka mawili ya vikombe tofauti. Yakiwa ya mkono, hayatalingana.

Mzee wa Makabati
Kuhusu thamani, seti hizi zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya soko la nje, kwa hiyo si adimu. Atakayekuambia kwamba Wajapani huuza vikombe vitano vitano atasema kweli kuhusu vyombo vya nyumbani kwao, lakini visahani vyako sita vinaonyesha kwamba kikombe kimoja kimepotea. Gonga vilivyobaki kwa ukucha: kizima hulia kama kengele. Kisha ulinganishe na bei zilizokwisha kulipwa minadani, si zile wanazozitaja wauzaji.

Mpenda Kauri
Nimevigonga vyote. Vinne vimelia, cha tano kimetoa sauti butu, na nimeuona ufa karibu na mshikio. Kesho narudi kwa muuzaji.