Mtoto wa miaka 12 ndani ya ndege peke yake: nani aliyeamua kwamba ameshakua?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuwasimanga wazazi. Wapo waliotengana, wapo wanaofanya kazi mbali, na mtoto hana budi kufika kwa baba yake au kwa bibi yake. Kumsafirisha peke yake si uzembe. Ninachohoji ni umri ambao shirika la ndege hujiamulia kumwachia mkono.

Angalieni mkanganyiko wenyewe. Mashirika ya ndege ya Marekani kama American, Delta na United huhesabu watoto wa miaka 5 hadi 14 wanaosafiri peke yao kuwa ni wa kusindikizwa: mzazi analipia huduma, anajaza fomu, na mwisho wa safari mtoto anakabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa jina tu, tena aonyeshe kitambulisho. Southwest inaishia miaka 11. Ryanair haimchukui kabisa aliye chini ya miaka 16 bila mtu mzima. British Airways ilikuwa na huduma hiyo, ikaiondoa mwaka 2016. Basi mtoto yuleyule wa miaka 12, kwa shirika hili anashikwa mkono, kwa lile ni abiria kama mimi na wewe. Kilichobadilika ni tiketi, si mtoto.

Mtaniambia watoto wa siku hizi ni werevu, wanasoma mabango, wana simu. Kweli, siku safari inaponyooka hahitaji mtu. Shida ni siku ndege inapofutwa. Mpwa wangu wa miaka 12 alikwama usiku kwenye uwanja wa kubadilishia ndege kwa sababu ya ukungu. Watu wazima wakapewa vyumba. Yeye hoteli ikamkataa kwa kuwa hana mkubwa wake. Simu ikazima chaji. Dada yangu alikaa saa 3 hajui mwanawe yuko wapi. Aliyekesha naye ni mama mmoja abiria, Mungu ambariki. Je, asingekuwepo?

Na mashirika yanajua hatari iko wapi. Mengi hayakubali mtoto wa kusindikizwa apande ndege ya mwisho ya siku, na wale wadogo kabisa huruhusiwa safari ya moja kwa moja tu. Sasa hofu hiyo inafutikaje siku mtoto anapotimiza miaka 12?

Gharama nazo si ndogo: American hutoza dola 150 kwenda na 150 nyingine kurudi, kodi kando. Tukilazimisha huduma kamili kwa kila mtoto, wazazi wengi watashindwa, na baadhi ya mashirika yatafunga mlango kama Ryanair. Hilo silitaki. Nataka sheria ya jambo moja: ukimuuzia tiketi mtoto wa chini ya miaka 15, safari ikiharibika, mfanyakazi wako mmoja anayejulikana kwa jina ampigie mzazi na asibanduke kwa mtoto mpaka amkabidhi. Bila malipo.

Kwa sasa dada yangu hukata ndege ya asubuhi isiyounganisha, na namba za simu anaziandika kwenye karatasi inayokaa mfukoni mwa mtoto.

Mliowahi kufanya kazi kaunta za uwanjani, nawasubiri hasa ninyi: usiku ndege ikifutwa, nani ana orodha ya watoto walio peke yao?